Kihifadhi gani kwa losheni ya nyumbani ikiwa ngozi yako ni nyeti? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa watu wa Nairobi wanaojitengenezea losheni, krimu na maji ya uso jikoni mwao. Wengi wana ukurutu, au wana mtoto ambaye ngozi yake huwasha kwa jambo dogo tu. Hapa tunazungumzia kihifadhi peke yake, yaani kiungo kinachozuia bakteria na kuvu wasizaane ndani ya losheni: kinahitajika lini, kipi ni kipole, na kitiwe kiasi gani.

Ngozi yangu hukataa karibu kila kitu. Si afadhali nitengeneze losheni isiyo na kihifadhi chochote?

Kama losheni hiyo ina maji, hapana. Nalitanguliza jibu hili kwa sababu wanaoumia zaidi ni watu wenye ngozi kama yako, na huwa wameanza kwa nia njema kabisa. Maji yakichanganywa na mafuta, glisirini na dondoo za mimea, bakteria na kuvu hupata makao na chakula mahali pamoja. Wanaweza kufika mamilioni katika kila gramu huku losheni bado ni nyeupe, laini, na inanukia vizuri.

Vijidudu vinavyohangaisha watengenezaji wa vipodozi vinajulikana kwa majina: Pseudomonas aeruginosa, ambaye hupenda maji, Staphylococcus aureus, anayetoka mikononi na puani mwetu, na chachu iitwayo Candida albicans. Mtu mwenye ngozi nzima huenda akapaka asione neno. Ngozi yenye ukurutu ni habari nyingine. Ina nyufa ndogo zisizoonekana, na mara nyingi Staphylococcus aureus tayari ameshakaa juu yake na kuzidisha mwasho. Kuipaka krimu iliyoingiwa na vijidudu ni kuiongezea ugonjwa.

Kihifadhi kilichochaguliwa vizuri huwa kama asilimia moja ya losheni au chini ya hapo. Kwa hiyo usiulize kama kiwepo. Uliza ni kipi, kiasi gani, na ni nini kingine unaweza kufanya ili kisilemewe na kazi.

Na nikitumia mafuta ya shea na ya nazi tu, bila maji?

Hapo huhitaji kihifadhi. Vijidudu haviwezi kuzaana pasipo maji, na mafuta matupu hayana. Kwa ngozi iliyochachamaa sana, mimi humshauri mtu aanzie hapa: shea, mafuta ya nazi au ya alizeti, na nta ya nyuki kidogo ukitaka iwe nzito. Shea inayotoka kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na hupakika vizuri hata Julai, wakati mafuta ya nazi yameganda koponi. Oga, jifute kidogo tu, kisha paka ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta yatayafungia maji yaliyo kwenye ngozi yenyewe.

Kuna tahadhari mbili. Usichote kwa kidole chenye maji, na usiweke kopo bafuni pembeni mwa bomba, kwa maana matone machache yanatosha kuanzisha ukungu chini ya kifuniko. Pili, mafuta huchacha. Huko ni kuharibika kwa hewa na mwanga, si kwa bakteria, na ndiko vitamini E husaidia, kama asilimia 0.2 hadi 0.5.

Kwa hiyo vitamini E ni kihifadhi?

La. Huzuia mafuta yasichache. Bakteria haiwafanyi kitu.

Nikiweka losheni kwenye friji je?

Baridi hupunguza mwendo wa vijidudu, haiviui, na baadhi ya jamaa za Pseudomonas hukua hata ndani ya friji. Isitoshe, stima hupotea, friji hufunguliwa na watoto mara kumi kwa siku, na kopo hutolewa na kurudishwa. Friji inafaa kwa kitu utakachokitumia leo na kesho, kama barakoa ya oti au ya mtindi, kisha kinachobaki unakimwaga. Haifai kwa krimu ya mwezi mzima.

Napendelea vitu vya asili. Mafuta ya mti-chai au dondoo ya mbegu za balungi hazitoshi?

Mafuta ya mti-chai (ule wa Australia, si majani ya Kericho) huua bakteria kadhaa, lakini kiasi kinachotosha kulinda losheni nzima ni kikubwa kwa ngozi nyeti. Zaidi ya hayo, mafuta hayo yakikaa na kupigwa na hewa hugeuka na kuwa kisababishi cha mzio kinachojulikana sana. Vivyo hivyo kwa mafuta ya mikarafuu, mdalasini na mchaichai. Kwa mtu mwenye ukurutu, mafuta ya kunukia ndiyo ningeyatoa kwanza kabla hata hatujafika kwenye kihifadhi.

Dondoo ya mbegu za balungi ina kisa cha kusikitisha. Mwaka 1999 watafiti nchini Ujerumani walipima dondoo sita zilizokuwa sokoni. Tano zilikutwa na benzethoniamu kloridi, kemikali ya kiwandani, na baadhi zilikuwa pia na triklosani na methiliparabeni. Ile ya sita, ambayo haikuwa na kihifadhi chochote ndani yake, haikuua kitu. Maana yake ni kwamba mtu aliyekimbia kemikali alikuwa akizipaka bila kujua jina lake wala kiasi chake, na kwa mwenye mzio kutojua huko ndiko hatari yenyewe.

Kitu kutoka mmea si lazima kiwe kipole, na kitu cha maabara si lazima kiwe kikali. Upupu ni mmea.

Basi nianze na kihifadhi gani?

Kwa losheni au krimu ya kukaa mwilini, pendekezo langu la kwanza ni fenoksiethanoli iliyochanganywa na ethilheksiliglisirini. Mchanganyiko unaojulikana zaidi ni Euxyl PE 9010, ambao ni sehemu tisa kwa moja za vitu hivyo viwili. Hutiwa kati ya asilimia 0.5 na 1. Nauweka mbele kwa sababu tatu. Fenoksiethanoli hutumika katika vipodozi vingi mno duniani, na bado watu wanaopata mzio wake ni wachache sana. Haijali sana kiwango cha asidi, kwa hiyo anayeanza hana nafasi kubwa ya kuiharibu. Na hukabili vizuri bakteria wa maji kama Pseudomonas. Sheria ya Umoja wa Ulaya imeiwekea kikomo cha asilimia 1, nami sioni sababu ya mtu wa nyumbani kukivuka.

Udhaifu wake uko kwa kuvu. Ndiyo maana haitumiwi peke yake, na ndiyo maana namhimiza mtu aongeze EDTA ya sodiamu asilimia 0.1 katika maji. EDTA hushika madini ambayo vijidudu huyahitaji ili kuta zao ziwe imara. Kuta zikilegea, kihifadhi kidogo hufanya kazi kubwa. Optiphen ni ndugu wa karibu: fenoksiethanoli pamoja na kaprili glikoli. Tofauti utakayoiona ni kwamba wakati mwingine huifanya krimu iwe nyepesi au itengane, hasa ukitia ikiwa bado moto.

La pili ni mchanganyiko wa alkoholi ya benzili na asidi ya dehidroasetiki, unaouzwa kama Geogard 221 na kwa majina mengine. Wanaotaka kihifadhi kinachokubaliwa na wathibitishaji wa vipodozi vya asili huko Ulaya hukichagua hiki. Hutiwa hadi asilimia 1, na losheni isizidi pH 6 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi). Kina harufu kidogo ya lozi. Lakini alkoholi ya benzili imo katika orodha ya Ulaya ya manukato yanayoleta mzio, kwa hiyo kama umeshaambiwa na daktari kwamba una mzio wa manukato, kiache.

La tatu ni sodiamu benzoeti na potasiamu sobeti, zile zile zinazotiwa kwenye soda, jemu na sosi ya nyanya. Ni rahisi kupata na bei yake ni nafuu. Zinafaa maji ya uso na vitu vya kuoshwa, mradi pH iwe 5 au chini. Kwenye uso wa mtu mwenye ngozi nyeti, benzoeti inaweza kuchoma na kuleta wekundu ndani ya dakika chache, kisha ikapoa yenyewe. Huo si mzio, ila kwa mtoto anayelia hakuna tofauti. Nisingeipaka juu ya ukurutu uliochubuka.

Kwa nini pH inazungumziwa sana?

Kwa sababu benzoeti na sobeti hulala pH ikipanda. Kinachoua vijidudu ni asidi yenyewe, si chumvi yake. Asidi ya benzoiki kwenye pH 4.2 nusu yake iko kazini. Kwenye pH 5 inabaki kama asilimia 14. Kwenye pH 6 haifiki asilimia 2. Mtu anaweza kutia kipimo sahihi kabisa, akachanganya kwa uangalifu, akafunga kopo vizuri, na bado akawa hana ulinzi wowote kwa sababu hakupima pH.

Kupima si kazi ngumu. Chukua gramu 1 ya losheni, ikoroge ndani ya gramu 9 za maji yaliyokenekwa (distilled water) mpaka iwe kama maziwa mepesi, kisha chovya karatasi ya pH. Tafuta karatasi zenye hatua ndogo, si zile za shule zinazosema nyekundu au buluu tu. Ukitaka kushusha, yeyusha asidi ya sitriki gramu 1 kwenye maji gramu 9, na utie tone moja moja kwenye losheni huku ukikoroga na kupima tena. Usiimwage asidi juu ya benzoeti iliyo nzito: utaona chembe nyeupe kama theluji zikishuka chini, na hizo ndizo kihifadhi chako kikikuacha.

Ngozi yenyewe hupenda pH ya kama 4.7 hadi 5.5, basi kushuka hapo ni faida mara mbili. Jambo moja: usichanganye benzoeti na vitamini C. Kwa joto na mwanga viwili hivyo vinaweza kutengeneza benzini kidogo, kitu kisichotakiwa kabisa.

Napimaje kiasi? Kijiko kimoja kinatosha?

Tafadhali usipime kwa kijiko. Tuseme unatengeneza gramu 200 za losheni na unataka kihifadhi asilimia 0.8. Hiyo ni gramu 1.6. Kijiko cha chai kilichojaa fenoksiethanoli ni gramu 5 na zaidi, karibu asilimia 2.7 ya losheni yako, mara mbili na zaidi ya kikomo. Watu wengi wanaosema kihifadhi fulani kiliwachoma hawakuchomwa na kihifadhi, walichomwa na kijiko.

Nunua mizani midogo ya kielektroniki ya kupimia vito, inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Zinapatikana katika maduka ya katikati ya jiji na mitandaoni. Huo ndio ununuzi wa kwanza, kabla ya shea, kabla ya chupa nzuri.

Kihifadhi cha maji maji kitie losheni ikishapoa kufika kama nyuzi 40, yaani unaposhika sufuria na mkono unavumilia bila shida. Koroga dakika kadhaa mpaka uhakikishe kimeenea. Kikibaki upande mmoja, upande mmoja utachoma na mwingine utaota ukungu.

Parabeni si husababisha saratani?

Hofu hii ilienea baada ya utafiti wa Uingereza wa mwaka 2004 uliokuta parabeni ndani ya vipande vya uvimbe wa matiti. Utafiti huo haukuonyesha kwamba parabeni ndizo zilizoleta uvimbe, wala haukulinganisha na tishu zisizo na ugonjwa. Hata hivyo lebo za «bila parabeni» zilijaa madukani, na viwanda vikahamia vihifadhi vingine, vingine vikali zaidi kwa ngozi.

Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku parabeni tano ambazo hazikuwa na data ya kutosha, na ukapunguza kiwango cha propiliparabeni na butiliparabeni. Methiliparabeni na ethiliparabeni zinaruhusiwa, hadi asilimia 0.4 kila moja. Mwaka 2019 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi, ambacho kila mwaka hutaja kisababishi cha mzio, kilizitaja parabeni kuwa kitu kisicholeta mzio, kwa vile ni nadra mno kwao kukuta mgonjwa anayezikataa. Kwa ngozi nyeti hilo ni jambo zito. Kama moyo wako hauzitaki, usizitumie, una njia nyingine. Lakini ukimkuta daktari wa ngozi anakuandikia krimu yenye methiliparabeni, usiitupe kwa sababu ya lebo ya duka.

Ni vihifadhi vipi nivikimbie kabisa?

Cha kwanza ni methilisothiazolinoni, inayofupishwa MI. Kipimo chake ni kidogo mno, ndiyo sababu kilipendwa, lakini kilileta wimbi la mzio kiasi kwamba chama kile cha Marekani kilikitaja kisababishi cha mwaka 2013, na Ulaya ikakiondoa katika vipodozi vya kukaa mwilini mwaka 2017. Cha pili ni familia ya vinavyotoa fomaldihaidi polepole: DMDM haidantoini, imidazolidinili urea, diazolidinili urea na kwataniamu-15. Vyote hivi huuzwa kwa wanaotengeneza shampuu na sabuni ya maji, na vinafanya kazi vizuri. Ila mwenye ngozi nyeti hana sababu ya kujitafutia balaa.

Natengenezea mtoto wa miezi minane. Kuna tofauti?

Ipo. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, ningeshauri mafuta matupu yasiyo na maji wala manukato, na suala la kihifadhi liishe hapo. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Ufaransa ilipendekeza fenoksiethanoli isizidi asilimia 0.4 kwa watoto wa umri huo na isitumiwe sehemu ya nepi. Kamati ya kisayansi ya Ulaya ikarudia suala hilo mwaka 2016 na kusema asilimia 1 ni salama kwa umri wote. Hata ukikubaliana na kamati, sehemu ya nepi ina joto, mkojo na ngozi iliyochubuka. Shea au jeli ya petroli (kama Vaseline) itafanya kazi hiyo.

Natumia mshubiri mbichi kutoka bustanini, maji ya mchele na asali. Niongeze kihifadhi mara mbili?

Usiongeze. Kihifadhi kina kikomo, na ukikizidisha ni ngozi yako inayolipa. Jeli mbichi ya mshubiri na maji ya mchele huingia kwenye losheni vikiwa tayari na vijidudu vyao pamoja na sukari na wanga wa kuvilisha. Hakuna kihifadhi kipole kinachoweza mzigo huo kwa wiki nyingi. Tumia unga wa mshubiri uliokaushwa, kwa kiasi kidogo, kisha hifadhi losheni kama kawaida. Jeli mbichi ipake siku ile ile, baada ya kuacha jani lisimame litoe ute wa manjano, maana ute huo ndio unaowasha. Asali ikiwa peke yake hujilinda, kwani maji yake ni machache. Ukishaichanganya na maji, ulinzi umekwisha.

Maji ya mfereji nikiyachemsha yanatosha?

Kwa Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hiyo inaua bakteria wengi, haiui mbegu zao ngumu. Madini nayo hubaki pale pale, na maji ya kisima huwa nayo kwa wingi. Tena mgao ukiwepo, maji yanakuwa yamelala kwenye mtungi siku tatu kabla hujayafikia. Nunua maji yaliyokenekwa katika duka la dawa au la vifaa vya maabara. Losheni ya gramu 200 haihitaji hata nusu lita. Maji ya betri ya kwenye vituo vya petroli hayakutengenezwa kwa ngozi, yaache huko.

Kopo au chupa?

Chupa ya pampu au tyubu, siku zote. Kopo la mdomo mpana huingiliwa na vidole vya nyumba nzima kila asubuhi, na kihifadhi huanza vita upya kila mara. Chupa zioshe, zisuuze kwa spiriti ya asilimia 70, ziache zikauke zenyewe. Usizifute kwa kitambaa cha jikoni. Tengeneza kidogo, cha miezi miwili au mitatu, uandike tarehe.

Nitajuaje kama ngozi yangu itakikubali?

Paka kidogo sehemu ile ile, kwenye kunjo la ndani la kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Kupaka mara moja hakutoshi. Kichomi cha papo hapo utakiona ndani ya dakika, lakini mzio wa kweli huja siku mbili tatu baadaye, pengine mwishoni mwa wiki, ukiwa na vipele vidogo vinavyowasha na kupita mipaka ya pale ulipopaka. Ukipata hivyo, acha, na usijaribu kubahatisha kingine. Mwone daktari wa ngozi akupime kwa viraka vya mgongoni, ambavyo hubandikwa saa 48 na kusomwa zaidi ya mara moja. Ukienda, beba orodha ya vyote ulivyotia, na majina kamili.

Nitaijuaje losheni iliyoharibika?

Maji yamejitenga, harufu imekuwa ya kitambaa kilichokaa na unyevu, rangi imegeuka, au kuna vidoa vya kijivu na vyeusi kwenye mzunguko wa kifuniko. Ukiona kimoja tu, mwaga yote. Kukwangua juu hakusaidii kwa kuwa nyuzi za kuvu zimeshaenda chini. Na kutoona dalili si uthibitisho wa usalama.

Marafiki wanataka kununua. Naweza kuuza?

Ukiuza, unaingia katika sheria. Vipodozi nchini Kenya vinatakiwa vitimize kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 377, na viwe na alama ya ubora ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), ambao ofisi zao ziko Barabara ya Popo, South C. Pamoja na hayo, peleka sampuli ikafanyiwe jaribio la kihifadhi katika maabara ya mikrobiolojia. Kwenye jaribio hilo, linaloelezwa katika kiwango cha ISO 11930, losheni hutiwa vijidudu kwa makusudi kisha huhesabiwa kwa siku 28 kuona kama vinakufa. Hakuna kipimo cha jikoni kinachokaribia hicho. Ukibadilisha kiungo kimoja baadaye, hata dondoo tu, jaribio la zamani halikulindi tena.

Hata kwa jirani wa mlango wa pili, andika kwenye kibandiko viungo vyote, jina kamili la kihifadhi, tarehe ya kutengeneza na tarehe ya kuacha kutumia. Usiandike «bila kemikali». Mwenye mzio hutafuta jina moja tu kwenye orodha hiyo, na anastahili kulikuta.